Taa na Mishale ya Dashibodi ya Pikapu: Hasa Inapima Nini?

Anza kabla ya kuwasha injini. Zungusha ufunguo mpaka ON, uache hapo, usipige starta. Taa nyingi zitawaka zenyewe: oili, chaji, breki, injini, ABS (mfumo unaozuia matairi yasijifunge ukifunga breki), mifuko ya hewa. Gari linakuonyesha kwamba taa zake ni nzima. Isiyowaka hapo haitaweza kukuonya barabarani, kwa hiyo taa ya oili iliyobaki giza kwenye ON itiliwe shaka sawa na ile inayogoma kuzimika injini ikiunguruma.

Anayenunua pikapu iliyotumika aikazie macho hatua hii. Kuna wauzaji wanaochomoa balbu ya taa ya injini, au kuiunga na waya wa taa ya oili ili izimike nayo. Ujanja wa pili unajulikana kwa kutazama: ukiwasha injini, taa mbili hizo huzimika sekunde ileile kila mara, kama pacha. Kwa kawaida kila moja huwa na wakati wake.

Kwenye dizeli kuna pia taa ya njano yenye umbo la springi iliyolala. Hiyo ni ya plagi zinazopasha moto chumba cha mwako. Subiri izimike ndipo upige starta. Injini ikiwa baridi inaweza kuchukua sekunde kadhaa. Ikiwa ya moto huzimika papo hapo. Kwenye baadhi ya pikapu taa hiyohiyo ikimetameta safarini, maana yake ni hitilafu ya injini, haihusiani tena na plagi.

Kuhusu rangi, hakuna mengi. Nyekundu ni kusimama. Njano ni kuendelea kwa uangalifu na kushughulikia mapema. Kijani na bluu ni taarifa tu kwamba kitu kimewashwa, mfano taa kamili. Kazi iko kwenye kujua kila taa imeunganishwa na nini, maana mara nyingi haipimi kile dereva anachodhani.

Oili: ni presha, si kiasi

Taa nyekundu ya birika lenye tone mdomoni haijui una lita ngapi za oili. Imeungwa kwenye swichi ndogo iliyofungwa kwenye bloku ya injini, na swichi hiyo huwasha taa presha inaposhuka chini ya takriban bar 0.3 hadi 0.5. Injini nzima ikiwa kwenye mwendo huwa na presha ya bar kadhaa. Kwa hiyo taa inapowaka, presha haijapungua kidogo; imekwisha. Beringi za krenki zinasagana chuma kwa chuma. Toka barabarani uzime injini palepale. Ukisema ufike kwanza kituo kinachofuata, utafika na injini iliyonoki.

Ikishazimwa, ngoja dakika tano gari likiwa mahali tambarare, kisha chomoa kijiti cha kupimia oili, kifute, kirudishe mpaka mwisho, ukichomoe tena. Kati ya alama ya chini na ya juu kwa kawaida kuna lita moja hivi. Injini kubwa hufika moja na nusu. Oili ikiwa imeshuka chini ya alama, tafuta inakovuja, ongeza, washa na utazame taa. Oili ikiwa kamili na taa bado inawaka, usiwashe tena. Gari livutwe.

Kuna hali ya katikati inayowachanganya wengi: taa inametameta injini ikiwa ya moto na iko sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, halafu ukikanyaga mafuta inatoweka. Inaweza kuwa oili nyepesi kuliko inayotakiwa, oili pungufu, beringi zilizolika, au swichi yenyewe imechoka. Kabla ya kukubali injini ifunguliwe, mwambie fundi atoe swichi na kufunga geji ya mkono kwenye tundu lake. Itasoma presha halisi, na swichi mpya ni rahisi mno ukilinganisha na beringi. Ikimetameta kwenye kona kali au mlima mrefu tu, pima kiasi cha oili kwanza. Pampu huenda inavuta hewa.

Joto: mshale unaodanganya kwa upole

Kwenye pikapu nyingi za kisasa mshale wa joto umetulizwa kwa makusudi. Maji ya rejeta yakiwa nyuzi 80 au 100, mshale unakaa palepale katikati, ili dereva asihangaike na kila kilima. Ukiona sasa umepanda juu ya mahali pake pa kila siku, hata kwa upana wa mshale wenyewe, ujue joto limeshapanda sana. Usisubiri ufike kwenye mstari mwekundu.

Hatari nyingine ni kinyume chake. Sensa ya joto lazima izame ndani ya maji ili isome sawasawa. Paipu ikipasuka na maji yote yakamwagika, sensa inabaki kwenye mvuke, na mshale unaweza kurudi chini kana kwamba mambo ni shwari, huku silinda hedi ikiungua. Mshale ulioporomoka ghafla injini ikiwa ya moto si habari njema.

Ukiona unapanda, zima AC, fungua hita mpaka mwisho wa joto na feni ya juu kabisa. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili na inachukua sehemu ya joto la injini. Tafuta pa kusimama. Mvuke ukiwa unatoka au taa nyekundu imewaka, zima injini mara moja. Kifuniko cha rejeta usikiguse mpaka paipu ya juu iwe inashikika kwa mkono bila kuunguza: mfumo una presha ya karibu bar 1, na maji yaliyomo yanaweza kuwa yamepita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua, yanachemka yote kwa mpigo usoni kwako.

Chaji na breki

Taa ya betri, licha ya picha yake, inazungumzia oltaneta zaidi, yaani jenereta ya injini inayochaji betri. Injini ikiwa imezimwa betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi, injini ikiunguruma, kwenye vichwa vya betri upate kati ya 13.5 na 14.5. Ukisoma 12.2 na kuendelea kushuka wakati injini inafanya kazi, oltaneta haichaji hata kama taa haijawaka. Kwenye oltaneta nyingi za zamani mkondo wa kuiamsha hupitia kwenye balbu hiyohiyo ya dashibodi. Balbu ikiungua, oltaneta inaweza kugoma kuchaji, na fundi akabadilisha kitu kizima bure.

Kwa mwenye pikapu ya dizeli hapa pana jambo la kukumbuka. Injini nyingi za dizeli zina pampu ya vakyumu inayosaidia breki, na kwenye baadhi yake, hasa za zamani, pampu hiyo imefungwa nyuma ya oltaneta, kwenye shafti ileile. Mkanda ukikatika, taa ya chaji inawaka, na baada ya kukanyaga mara mbili tatu pedali ya breki inakuwa ngumu kama ubao. Breki zipo, ila sasa unazibana kwa nguvu ya mguu pekee. Pikapu ikiwa na mzigo, na mbele kuna mteremko, simama kabla ya mteremko.

Taa nyekundu ya breki huwashwa na handbreki, na pia na kiasi cha maji ya breki kwenye chupa yake. Ikiwaka kwenye kona na kuzimika ukinyoosha, maji yako chini kidogo. Usikimbilie kuongeza: pedi zikilika, pistoni husogea nje na maji hushuka yenyewe bila kuvuja popote. Angalia unene wa pedi kwanza. ABS ya njano ikiwaka peke yake, breki za kawaida bado zipo ila matairi yanaweza kujifunga ukikanyaga kwa nguvu. ABS na ile nyekundu zikiwaka pamoja, mgawanyo wa breki kati ya mbele na nyuma umeharibika; pikapu tupu, ambayo nyuma ni nyepesi, inaweza kugeuka. Simama.

Mafuta, na maji ndani ya mafuta

Mshale mdogo wa pembetatu kando ya picha ya pampu unaonyesha upande wa kifuniko cha tangi. Geji yenyewe hutegemea boya linaloelea, kwa hiyo mlimani itakudanganya. Kwenye dizeli usizoee kuendesha mpaka tangi likauke: hewa ikiingia kwenye mabomba, gari haliwaki kwa kumimina mafuta tu, lazima utoe hewa kwa pampu ya mkono.

Taa ya njano yenye picha ya chujio na matone inasema maji yamejaa chini ya chujio la dizeli. Zima injini, weka chombo chini ya chujio, legeza kizibo cha chini bila kukitoa, piga pampu ya mkono iliyo juu ya chujio. Kwanza yatatoka maji, kisha mchanganyiko, mwisho dizeli safi. Hapo kaza kwa mkono, usitumie spana. Injini za komoni reli, yaani zenye bomba moja la presha linalolisha nozeli zote, husukuma dizeli kwa presha inayoweza kupita bar 1,600, na nozeli zake hutegemea dizeli hiyohiyo kama kilainishi, kwa hiyo maji huzila haraka. Taa ikirudi baada ya siku mbili, shida iko kwenye tangi.

Maandishi T-BELT kwenye baadhi ya dizeli yanahesabu kilomita tu, kwa kawaida 100,000 au 150,000. Hayajui mkanda wa taimingi una hali gani. Mwenye gari wa awali anaweza kuwa ameyazima bila kubadilisha mkanda, na mkanda ukikatika, valvu hugongana na pistoni.

Spidi

Spidomita husoma juu kidogo ya mwendo halisi. Kanuni za Umoja wa Mataifa haziruhusu isome chini. Lakini ukibadilisha tairi hesabu inageuka. Tairi ya 265/65R17 ina kipenyo cha milimita 776. 265/70R17 ina 803. Ongezeko ni asilimia 3.4, kwa hiyo mwendo wako halisi umepanda kwa kiasi hicho kuliko mshale unavyodhani, na kila kilomita 10,000 ulizoziona umetembea karibu 10,340. Servisi itakuwa inachelewa bila wewe kujua.

Saa ya mizunguko inazidishwa kwa 1,000. Kwenye dizeli nyingi eneo jekundu huanza kati ya 4,000 na 5,000, na nguvu ya kuvuta iko chini, kuanzia 1,500 hivi. Ukivuta mzigo, kuilazimisha injini ifike 4,000 ni kelele na mafuta tu.

2H, 4H, 4L

Swichi hii huchagua matairi yanayosukuma gari: 2H ni mawili ya nyuma, 4H ni yote manne, 4L ni yote manne kwa gia nzito. Ndiyo inayovunja vyuma vingi. Pikapu nyingi hazina difu ya kati, ile inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa mwendo tofauti, kwa hiyo 4H huunganisha shafti ya mbele na ya nyuma zizunguke sawa. Ukikata kona, matairi ya mbele hutembea njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye mchanga au tope tofauti hiyo hupotea kwa kuteleza. Kwenye lami kavu haina pa kwenda: usukani unakuwa mzito, gari linashtukashtuka, na ukitaka kurudi 2H taa inaendelea kumetameta au liva inakwama. Rudi nyuma moja kwa moja mita chache, mkazo utalegea na itatoka. Mitsubishi zenye Super Select ni tofauti: 4H yao inaruhusiwa lami, ila 4HLc, ambayo hufunga difu ya kati, hairuhusiwi.

Kutoka 2H kwenda 4H unaweza kufanya ukiwa kwenye mwendo, usukani umenyooka. Kikomo cha spidi kimeandikwa kwenye kitabu cha gari. 4L unaiingiza gari limesimama, gia ikiwa nyutro. Huongeza nguvu takriban mara 2.5 na kupunguza mwendo kwa kiasi hicho. Taa ikimetameta, meno hayajakutana. Sogea kidogo mbele au nyuma, usikanyage mafuta kwa hasira.

Diflok ya nyuma, inayofunga matairi mawili ya nyuma yazunguke pamoja, ni ya kujikwamua tu, mwendo wa kutembea kwa miguu. Kwenye pikapu kadhaa ukiifunga, taa ya ABS huwaka kwa sababu mfumo umejizima wenyewe. Hiyo si hitilafu. Kwenye mchanga mzito zima pia udhibiti wa utelezi, la sivyo injini itakatwa nguvu pale hasa unapoihitaji.

Kigurudumu ambacho wengi hawajawahi kukigusa

Upande wa usukani, chini, kuna kigurudumu kidogo chenye namba kuanzia 0. Kinashusha taa kubwa. Bodi ikipakiwa, nyuma ya pikapu inakaa, pua inainuka, na taa za dimu zinawapofusha wanaokuja mbele. Jaribu usiku: simamisha gari tupu mita tano kutoka ukutani, kigurudumu kikiwa 0, uweke alama ya chaki kwenye ukingo wa juu wa mwanga. Pakia mzigo, rudi palepale. Mwanga utakuwa umepanda juu ya chaki. Zungusha namba moja moja mpaka ukingo ushuke kwenye alama, na uikumbuke namba hiyo kwa mzigo huo. Ukishusha mzigo, rudisha 0, maana ukisahau utakuwa unamulika mita chache tu mbele ya bampa.