Kabla hujamwondoa mtoto kwenye wosia

"Huyu si mwanangu tena, hata kijiko changu hatarithi." Mzee wa Igombe akiyatamka haya mbele ya wavuvi wake kwa sababu kijana ameoa asikotaka, kisheria hajamwondoa. Akifa kesho, kijana ataketi kwenye kikao cha ukoo sawa na nduguze, na ugomvi ataubeba mama.

Kwanza jua ni sheria ipi ya Tanzania itakayoongoza mirathi yako. Kwa Muislamu, mafungu ya warithi yamekwisha kuwekwa. Wosia wake hauvuki theluthi moja ya mali, wala haumfuti mwana. Kwa anayefuata mila, Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963 linaruhusu kumnyima mrithi, ila kwa sababu nzito: amezini na mke wa mwenye wosia, amejaribu kumuua au kumdhuru vibaya, au amemtelekeza bila sababu katika ugonjwa au njaa. Kuoa asikotaka mzee hakumo.

Sababu ikiwepo, kuliruka jina lake hakutoshi. Mtaje, uandike alichofanya na lini. Kisha mwite. Hapa ndipo wazee wengi wanapokosea, nami naliona jambo kubwa kuliko yote: anayenyimwa anastahili nafasi ya kujitetea mbele yako au mbele ya baraza la ukoo. Huenda ulipolazwa alikuwa kambini visiwani Ukerewe na hakuna aliyempigia simu. Msikilize ungali hai, maana ukishazikwa hakuna wa kumjibu.

Kama mtoto ana umri chini ya miaka 18, acha kabisa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima matunzo yatokanayo na mali ya mzazi wake.

Hesabu pia kilicho chako. Nyumba ya Nyakato mliyojenga pamoja na mkeo, au mtumbwi mlionunua kwa ubia na shemeji, usiugawe wote kama wa kwako peke yako.

Wosia uandikwe kwa wino usiofutika, uwe na tarehe na saini. Ukijua kusoma na kuandika, kimila mashahidi wasipungue wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Usipojua, wanne, wawili kwa wawili. Kama kuna wosia wa zamani wa maandishi, andika wazi kwamba umeufuta, kwani maneno ya mdomo hayaufuti. Nakala unaweza kuipeleka RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa serikali, ikatunzwe, na umwambie mtu mmoja unayemwamini kwamba iko huko.