Kushona blanketi la flaneli la mtoto mchanga, hatua kwa hatua

Huku Newala kipupwe cha Juni na Julai kinauma, hasa alfajiri, na miezi hiyo akina mama wanatafuta sana flaneli. Kiwandani kitambaa hukwanguliwa kwa brashi za waya mpaka vinyoya vinasimama. Vinyoya hushika hewa, na hewa hiyo ndiyo inayotunza joto la mtoto. Ndiyo maana flaneli nyepesi hushinda kitambaa kizito kisicho na vinyoya.

1. Kununua. Shati la drafti la mtumba si lazima liwe flaneli. Drafti ni mchoro tu. Pitisha kiganja usikie vinyoya. Kisha chomoa nyuzi mbili tatu, zichome kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kwa mtoto nataka pamba, maana inanyonya jasho na mkojo. Mita 2 zinatosha, upana wa sentimita 110.

2. Kufua kabla ya kukata. Hapa siwezi kukubembeleza. Flaneli ya pamba inarudi, na kila mita inaweza kupoteza sentimita 5 au zaidi. Ifue kwa maji ya uvuguvugu, ianike, ipige pasi. Mteja mwenye haraka na asubiri.

3. Kukata. Papasa kitambaa: ukipeleka kiganja upande mmoja vinyoya vinalala, ukikirudisha vinasimama. Chora mshale kwa chaki, kisha ukate vipande viwili vya sentimita 90 kwa 90, mishale ikielekea upande mmoja. Ukivigeuza, rangi itaonekana tofauti kwenye mwanga.

4. Kushona. Pande nzuri zitazamane. Bana kwa pini nyingi, kwani flaneli huvutika. Tumia sindano namba 90, kila hatua ya mshono iwe milimita 3, na uache sentimita 1.5 ukingoni kwa sababu inafumuka upesi. Acha nafasi ya kupitisha mkono, punguza pembe, geuza, kisha piga mshono wa juu kuzunguka kote. Ukimaliza, fungua bamba la cherehani: vumbi la vinyoya hujazana katikati ya meno na chini ya bobini. Lisugue kwa brashi kavu, usilipulize ndani.

Unapomkabidhi mama, mwambie asimfunike mtoto usoni. Mwambie pia kwamba vinyoya hudaka moto upesi kuliko kanga, hivyo blanketi likae mbali na jiko la mkaa na kibatari.