Jinsi ya kucheza magemu ya bure ya zamani bila kuliwa hela wala kupoteza akaunti

Magemu ya bure ya zamani ya kucheza mtandaoni nayapenda sana na nataka watu waendelee kuyacheza, ila kuna mambo ya kucheki kwanza kabla hujazamisha muda na hela yako humo.

La kwanza, jua nani anaendesha seva, yaani zile kompyuta ambazo gemu inakaa humo. Sio nani alitengeneza gemu, nani anaiendesha SASA HIVI, maana gemu ikishazeeka inauzwa, mfano magemu ya Rift na Trove yalikuwa ya kampuni ya Trion Worlds ya Marekani, 2018 kampuni ya gamigo ya Ujerumani ikanunua mali za Trion na magemu yakaenda nayo. Kuna kampuni kazi yao ndo hiyo, wanachukua gemu ambayo wenye nayo wameichoka wanaiendesha kwa wachezaji waliobaki, na mimi nawashukuru kwa hilo, mengi yangeshazimwa kitambo. Shuka mpaka chini kabisa ya saiti ya gemu, jina la kampuni liko pale.

Halafu soma habari zao, angalia tarehe. Ukikuta mapu mpya, bosi mpya (adui mkubwa wa kupigana naye), bagi (makosa ya gemu) zinarekebishwa, poa. Ukikuta miezi na miezi ni ofa za dukani tu na ile sherehe ya mwaka jana imerudishwa vilevile, we cheza ila hela ikae mfukoni.

Sasa akaunti, hapa ndo watu wengi wanaumia. Tumia imeili ambayo utakuwa nayo miaka yote, sio ya shule wala ya kazini, kwa sababu gemu ikihamia kampuni nyingine mara nyingi wanakutumia ujumbe ukubali akaunti yako ihamishwe, na kuna siku ya mwisho, usipouona ndo basi tena, yule mhusika wako wa leveli ya juu kaenda. Na paswedi iwe ya gemu hiyo peke yake, 2012 gamigo walidukuliwa, mamilioni ya imeili na paswedi zilizosimbwa zikamwagwa intaneti, sasa kama unatumia hiyohiyo kwenye imeili yako we fikiria mwenyewe.

Kununua nunua tu, seva zinalipiwa na watu kama wewe. Ila nunua kitu cha kutumia leo, usirundike sarafu za gemu ukisema utazitumia baadae, masharti yao yanasema wazi vile vitu sio mali yako, umepewa ruhusa ya kuvitumia tu, seva ikizimwa vinaondoka nayo.

Ikigoma kufunguka kwenye Windows mpya, iweke kwenye folda nje ya Program Files, bonyeza faili lake kwa kitufe cha kulia cha mausi, Properties, Compatibility, chagua Windows ya zamani. Zile za Flash, teknolojia ya zamani ya magemu ya kwenye brauza, brauza haziwezi tena kuzifungua toka mwisho wa 2020, lakini kampuni ya Artix kwa mfano wana lancha yao (programu ya kufungulia gemu) ya kuchezea gemu yao ya AdventureQuest Worlds.

Na ikizimwa kabisa usikimbilie seva yoyote ya mashabiki, yaani inayoendeshwa na wachezaji wenyewe. Gemu ya City of Heroes ilizimwa 2012, mashabiki wakaifufua, na Januari 2024 NCSoft, kampuni yenye gemu, wakawapa leseni rasmi Homecoming, kundi moja la mashabiki hao, ila hiyo ni bahati ya wachache sana. Zisizo na leseni zinaweza kufungwa siku yoyote, na kama lazima uingie, fungua imeili mpya na paswedi mpya kabisa, kadi ya benki usiiguse.