Helebore: kata majani ya zamani mapema
Maua ya helebore, mmea wa bustani wa nchi za baridi, yanapoanza kuchungulia udongoni wakati wa baridi, kata majani yote ya mwaka uliopita, chini kabisa. Ndiyo yanayobeba ugonjwa wa madoa meusi, tena huyaficha maua. Majani hayo yasiingie kwenye mboji. Vaa glavu, maana utomvu wake ni sumu na huwasha ngozi. Ila zile aina zinazochanua juu ya shina lenye majani, ziache mpaka zimalize kuchanua.

Ukipanda mpya, tafuta mahali palipoinuka, pasipotuamisha maji, chini ya mti unaopukutisha majani. Maua yake mengi huinama, na kwa aina zenye vidoti vya zambarau vilivyotapakaa ndani, uzuri huo wenyewe hasa huonekana ukitazama kutokea chini.