Taa za tela zikigoma, anza na waya wa hasi

Tela la samadi likikosa taa za nyuma, wengi hukimbilia duka la spea kununua globu, na mara nyingi globu iliyomo ni nzima. Kwenye tela dogo kinachosumbua zaidi ni waya wa hasi, unaorudisha umeme kwenye betri. Tela likishuka Kibosho jioni na kuingia barabara ya Moshi–Arusha, basi linalokuja nyuma linakuona kwa taa hizo tu.

Dalili zake hazifichiki. Unawasha indiketa ya kushoto, taa nyingine nazo zinapepesa. Unakanyaga breki, taa ndogo za nyuma zinafifia. Hapo hasi imekatika au imelegea, na umeme unarudi kwa kupitia globu za jirani. Taa moja ikizimika na nyingine zote ziko safi, ndipo uangalie globu na kishikio chake.

Kabla ya kugusa tela, hakikisha gari au trekta linatoa umeme. Chukua testa ya globu ya volti 12, bana klipu kwenye pini namba 3 ya soketi, ambayo ni hasi, kisha gusa pini nyingine moja moja huku mwenzako akiwasha taa na kukanyaga breki. Testa ikikataa hapo lakini ikawaka klipu ikiwa kwenye bodi ya gari, ubovu ni hasi ya soketi. Ikikataa kote, tazama fyuzi.

Plagi ya kawaida ya pini saba imepangwa hivi: 1 njano ni indiketa ya kushoto, 2 bluu taa ya ukungu, 3 nyeupe hasi, 4 kijani indiketa ya kulia, 5 kahawia taa ndogo ya kulia, 6 nyekundu breki, 7 nyeusi taa ndogo ya kushoto. Kwa tela lililopita mikononi mwa mafundi watatu, usiamini rangi. Fuata namba zilizochorwa ndani ya plagi.

Sasa rudi kwenye hasi. Vuta waya wa muda kutoka hasi ya betri hadi kwenye hasi ya taa yenyewe. Taa ikiwaka vizuri, umeshampata mwizi. Fungua bolti ya hasi, kwangua rangi na kutu kwa msasa hadi chuma king'ae, weka washa yenye meno, kaza, kisha paka grisi juu. Kwenye tela la kubinua, bodi imekalia pini zenye grisi na kutu, hivyo haifai kutegemewa kupitisha umeme. Pitisha waya wa hasi wa pekee, wa milimita mraba 2.5, kutoka pini 3 hadi kila taa.

Samadi ina makosa yake pia. Amonia inayotoka humo hula shaba, na ndiyo maana vishikio vya globu huota unga wa kijani. Mbolea ya chumvichumvi ikimwagika nayo hutafuna. Suuza taa kila baada ya kubeba, ila usielekeze maji ya presha kwenye maungio ya kioo. Nyaya zilizosokotwa na kufungwa tepu tu hunywa maji ya masika, na shaba huwa nyeusi ndani ya ganda. Kata hadi ufikie shaba inayong'aa, lehemu kwa risasi, kisha funika kwa mrija unaosinyaa kwa moto. Pini za plagi zipake vaselini kidogo.

Fyuzi ikiungua tena na tena, waya wa chanya unagusa chuma, mara nyingi pale unapopita kwenye tundu lisilo na mpira au kwenye shingo ya tela inapokunja kona. Kuweka fyuzi kubwa zaidi, au karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, ni kuhamishia moto kwenye waya.

Globu za breki na indiketa ni wati 21, za taa ndogo wati 5. Ile ya 21/5, yenye breki na taa ndogo ndani ya globu moja, ina vipini viwili vya ubavuni, kimoja juu kidogo kuliko kingine. Ukiilazimisha kinyume, breki na taa ndogo hubadilishana. Globu za volti 12 zikivutwa na lori la volti 24 huungua papo hapo.

Ukimaliza, washa taa ndogo, breki na indiketa kwa pamoja. Hasi dhaifu inaweza kuibeba taa moja. Zikiwaka zote ndipo udhaifu wake hujitokeza.