Mutoto anasoma na masomo haiingie? Afanye mazoezi kwanza

Bazazi ba Bukavu, Exetat (mutihani ya serikali ya kumaliza sekondari) ikikaribia musifungie mutoto mu nyumba na makaye siku muzima. OMS, shirika ya afya ya dunia, inasema mutoto wa miaka 5 mpaka 17 afanye mazoezi dakika 60 kila siku, na huku kwetu milima ni ya bure, apande mulima ya Kadutu mbio mpaka pumzi ipande lakini angali anaweza kusema, moyo inapiga haraka, damu inaenda mu bongo, njo arudi, anywe mayi, afungue hesabu palepale juu uangalifu yenye mazoezi inaleta haidumu sana. Kutembea polepole na telefone mu mukono, ile haihesabike mu zile dakika 60! Mara tatu mu juma aongeze kuruka kamba ao pompe (kujisukuma juu na mikono). Kijana wa Exetat alale masaa 8 mpaka 10 kila usiku. Mwenye asima aulize munganga kwanza.