Kutoka Mbeya hadi visiwa vya Unguja: namna ya kupanga safari ya mashua kwa kufuata upepo na maji

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya vikundi vya Mbeya, Njombe na Iringa, viwe vya kuweka na kukopa, vya walimu au vya kwaya, vinavyotaka kwenda Unguja na kuvizungukia kwa mashua visiwa vidogo vilivyo mbele ya Mji Mkongwe. Kazi yangu ni kuandaa safari za namna hiyo, na jambo ninalolisisitiza kabla ya mchango wowote kukusanywa ni kwamba ratiba ya visiwani hupangwa na upepo na maji, kisha hoteli, basi na boti hufuata. Kikundi kinachoanza na hoteli huweza kufika ufukweni saa ambayo bahari imekwisha kupwa hadi mbali, au kukuta fungu la mchanga kilichotaka kulitembelea limekwisha kufunikwa.

Hatua ya 1: Chagueni mwezi

Wengi wetu wa Nyanda za Juu Kusini huwaza Juni na Julai, kwa sababu shule zimefungwa na baridi imebana. Kwa bahati mbaya, hiyo ndiyo miezi ambayo kusi, upepo utokao kusini, huvuma kwa nguvu, na mkondo wa bahari kati ya Dar es Salaam na Unguja huwa na mawimbi ambayo mtu aliyekulia Tukuyu au Makete hajawahi kuyazoea. Masika nayo, kuanzia Machi hadi Mei, huharibu siku nzima kwa mvua. Kipindi cha kaskazi, yaani upepo utokao kaskazini, Desemba hadi Februari, bahari huwa ya upole zaidi ingawa joto ni kali, lakini kwa mkulima huo ni wakati wa kupanda na kupalilia, si wa kusafiri.

Pendekezo langu ni mwishoni mwa Septemba hadi Oktoba. Kusi imelegea na kaskazi haijashika, kipindi ambacho mabaharia hukiita maleleji. Huku kwetu mahindi yamekwisha kuuzwa na mvua za kupandia hazijaanza, hivyo watu wana fedha na wana nafasi.

Hatua ya 2: Chagueni siku kwa kuutazama mwezi

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, nami naomba isomwe kwa utulivu.

Baharini maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu huja bamvua: maji hupanda juu sana na kushuka chini sana, na huko Unguja tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kufika takriban mita 4. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, ambapo tofauti hiyo hupungua sana.

Kwa siku za bamvua, maji ya Mji Mkongwe hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa karibu saa nne asubuhi. Siku za maji mafu mambo hugeuka, na saa nne asubuhi maji huwa yamejaa au yanakaribia kujaa. Ukilijua hilo, unaweza kupanga ukiwa bado Mbeya, ukiwa na kalenda inayoonyesha mwezi. Kikundi kinachotaka zaidi kukaa juu ya mchanga katikati ya bahari kichague siku za bamvua, kwa kuwa asubuhi fungu huwa kubwa na jeupe. Kikundi chenye wazee, ambao hawapendi kushuka kwenye mashua na kutembea majini, kitafaidika na siku za maji mafu, kwa sababu mashua itaweza kusogea karibu zaidi na nchi kavu wakati wa asubuhi. Kabla ya kulipa, thibitisheni saa zenyewe kwenye jedwali la maji la mwaka huo au kwa nahodha.

Elimu hiyo hiyo huwafaa wanaotaka kulala pwani ya mashariki, Paje au Jambiani. Maji yakipwa huko, bahari hurudi nyuma hadi karibu na mwamba wa matumbawe, na akina mama huingia kwenye mashamba yao ya mwani. Ni jambo la kupendeza kulitazama, lakini aliyekuja kuogelea itambidi asubiri saa kadhaa.

Hatua ya 3: Patana na nahodha kabla ya kuondoka Mbeya

Piga simu, taja idadi ya watu na siku, kisha uliza maswali matatu: mashua inaruhusiwa kubeba abiria wangapi, ina majaketi okozi mangapi, na ya watoto yapo? Mkifika, msiridhike kuona rundo la majaketi chini ya kiti. Kila mtu avae lake, afunge kamba zote, kisha mwenzake alishike mabegani na kulivuta juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno kwake na libadilishwe.

Kuhusu idadi, msikubali kuongezewa hata mtu mmoja. Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba ikiwa imezidisha abiria, na Julai 2012 MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe katika upepo mkali. Nahodha anayesema leo upepo si mzuri anastahili kusikilizwa na kushukuriwa, kwa hiyo wekeni siku moja ya akiba katika ratiba.

Hatua ya 4: Fikeni Dar es Salaam siku moja kabla

Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, pamoja na kona za Kitonga na mwendo wa polepole ndani ya hifadhi ya Mikumi. Basi huishia Mbezi, mbali na bandari, hivyo laleni mjini na kupanda boti asubuhi. Wenye uwezo waruke kutoka Songwe. Boti ya mwendo kasi huchukua saa mbili hivi. Beba kitambulisho, na jina lake lifanane na la kwenye tiketi.

Asiyewahi kupanda chombo cha baharini ale chakula chepesi, akae sehemu ya katikati ya boti na kutazama mbali, mahali bahari inapokutana na mbingu, badala ya kuinamia simu. Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya kuondoka, kwa ushauri wa mfamasia, kwani ikisubiri kutapika huwa imechelewa.

Hatua ya 5: Siku ya visiwa

Katika siku ya bamvua, ondokeni mapema ili mfike kwenye fungu la Nakupenda kabla ya saa nne. Mara mnaposhuka, chomekeni kijiti pale ukingo wa maji ulipo na mkitazame kila baada ya robo saa. Kikianza kuzungukwa na maji, vyombo vya chakula vikusanywe na watoto waitwe karibu, kwa maana maji yakigeuka hupanda haraka na mchanga hupungua kutoka pande zote. Vaeni viatu vya plastiki vinavyofungwa mguuni, kwa sababu ya shokomzoba, viumbe wa baharini wenye miiba, na msikanyage matumbawe, ambayo ni viumbe hai na hukua polepole mno.

Baada ya hapo elekeeni kisiwa cha Changuu, ambako maji yatakuwa yakipanda na kushuka kwenu kutakuwa rahisi. Gereza lililojengwa huko miaka ya 1890 halikuwahi kutumika kwa wafungwa. Kisiwa kikawa karantini ya wasafiri. Kobe wakubwa mtakaowaona wanatokana na wale walioletwa kutoka Seychelles mwaka 1919. Chumbe, yenye mnara wa taa wa mwaka 1904 na matumbawe yanayolindwa, huhitaji siku yake peke yake na nafasi iliyoandikishwa mapema.

Hatua ya 6: Kurudi

Mlipeni nahodha salio lake baada ya kushuka salama, kama mlivyopatana. Tiketi ya basi la kurudi Mbeya iwe ya kesho yake, kamwe isiwe ya siku mnayovuka bahari, na masweta yawekwe juu kabisa ya begi, kwa kuwa mtayahitaji kabla hamjafika Makambako.